Njia Isiyo na Mtu wa Kusalimia

Kwa Tukuswiga, tabu ya mchezo wa kusaka vituo kwa ramani haikuwa mbio. Miguu alikuwa nayo, na ingawa siku sita za wiki aliuza vitenge sokoni Tunduma, dira aliisoma vizuri kuliko wengi klabuni. Tabu yake ilikuwa watu. Mara tatu mfululizo alimaliza baada ya muda uliowekwa wa saa mbili kupita, na mara tatu jina lake halikuingia kwenye matokeo, kwa sababu njiani alisimama kusalimia wazee. Leo alitaka liingie.

"Leo tuko kwenu, mama Faith," alisema Rabson, mtunza saa, akimpa ramani na kadi asubuhi ile pale Isongole. "Huna kisingizio."

"Kwetu ndiyo mbaya zaidi, baba. Kwa wengine nasalimia tu. Hapa nitaulizwa hata habari za mbuzi."

Wenzake wakacheka, filimbi ikalia.

Vituo vilikuwa vinane, kila kimoja kina kibendera na kidude cha kutobolea kadi. Saba alivipata kwa raha, kati ya migomba na mianzi, ukungu ukiinuka polepole kama mgonjwa aliyepata nafuu. Kikabaki cha nane, karibu na uwanja wa kumalizia. Dakika ishirini na mbili mkononi.

Akakunjua ramani. Njia fupi ilipita katikati ya nyumba tano. Kwa wenzake zilikuwa nukta nyeusi tu. Yeye kila nukta aliijua: hapa mjomba, hapa mwalimu aliyemfundisha kusoma, hapa mama mkwe wa dada yake, ambaye humpiti bila kupiga goti na kuulizana hali ya mtoto mmoja mmoja. Dakika tano kila mlango, na zaidi kama chai iko jikoni. Akageukia bondeni, njia ndefu yenye matope, isiyo na mtu.

Ndiyo kwanza amevuka kijito aliposikia sauti.

"Tukuswiga! Unampita nani?"

Shangazi Tumpale, dada wa baba yake, alikuwa anachuma mboga kando ya maji. Tukuswiga akapiga goti pale pale topeni.

"Shikamoo, shangazi. Unisamehe, niko mashindanoni, muda unaniishia."

"Marahaba." Shangazi akatazama lile jasho, ile kadi. "Umebakiza ngapi?"

"Dakika tisa."

"Halafu umepiga goti! Inuka twende, tutasalimiana huko huko mbele."

Akajitwika kapu, akakunja kitenge hadi magotini, akatimka.

"Habari za Tunduma?"

"Njema!"

"Faith?"

"Yuko kidato cha pili!"

"Baba yake?"

"Mzima!"

"Na mbona Pasaka hukuja?"

Tukuswiga alikuwa tayari kwenye kibendera cha nane. Akainama, akatoboa kadi.

Wakatokea uwanjani bega kwa bega, klabu nzima ikipiga vigelegele. Rabson akatazama saa, akatazama kapu la mboga, akatazama saa tena.

"Saa moja na dakika hamsini na nane. Umeingia, mama Faith!" Akaandika. "Na huyu bibi, kadi yake iko wapi?"

"Kadi ya nini?" alisema shangazi akihema, akitua kapu. "Mimi nasubiri nijibiwe ya Pasaka."