Muuza Nyama na Katuni ya Mwanawe

Jumatano, tarehe tisa Julai. Ukungu mzito na manyunyu mjini Nyeri. Mwenye bucha ya jirani aliingia tena katika duka la vitabu la Heena, aproni kifuani, akachukua kile kitabu cha katuni asichonunua kamwe, akalamba kidole na kuacha alama ya mafuta kwenye kila ukurasa. Heena alivumilia kwa kusaga meno. Hadithi ni ya kijana aliyefukuzwa nyumbani na babake muuza nyama, akarudi na bastola kulipiza kisasi. Na aliyeichora ni mwana wa mzee huyuhuyu, ambaye hajasemezana naye miaka mingi.

"Angalia hii kisu, Mama Harshil. Nani hushika kisu hivi?"

"Mzee, mpigie simu umwambie mwenyewe," Heena alijibu.

"Ati mimi? Yeye ndiye anipigie."

Alipofika ukurasa wa mwisho, kidole kilisimama. Pale, baba aliyeelekezewa bastola anamwita kijana "Baba," kama wanaume wa huku wanavyomwita kifungua mimba aliyepewa jina la babu yake. Kijana anashusha bastola. Mzee alikifunga kitabu taratibu, akakipangusa kwa aproni, akakichafua zaidi.

Asubuhi iliyofuata, Heena alipofungua duka, alimwona mlangoni pa bucha, mbuzi aliyechunwa begani, simu sikioni.

"Baba," alisema, akamweka mbuzi sawa begani. "Hiyo kisu umechora vibaya."