Bata Bukini wa Kamati

Kosa litakalofichuliwa katika kurasa hizi ni wema usiouliza. Ni kosa la mtu mwadilifu anayeingia nyumbani mwa mwenzake, akaamua kwa macho yake mwenyewe kinachomfaa mwenye nyumba, akakitenda, kisha akakaa kusubiri shukrani. Ningependa kusema nimelishuhudia kwa wengine. Nimelitenda mimi, na kwa kuwa niliwahi kufundisha fasihi kwa miaka kumi na minane, nililitenda kwa mpangilio mzuri, nikazingatia utangulizi, kiini na hitimisho.

Nilifika London nikiwa na shahada mbili, na kabati la vitabu nimeliacha Morogoro. London ilizipokea shahada zangu kwa adabu, ikazirudisha ndani ya bahasha, ikanipa glavu za plastiki. Tangu hapo nafanya kazi ambayo sisi wa huku tunaiita ukea: kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee ambao watoto wao wanawapenda sana kwa simu. Tumeagizwa tuwaite wateja, kana kwamba uzee ni bidhaa waliyoichagua wenyewe kwenye rafu. Mimi naishi Barking, na mteja ninayemwandikia hapa anaishi Ilford, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja aliyezaliwa Mwanza. Sikuwahi kumwita mteja. Nilimwita Mzee, naye akaniita Mwalimu, neno alilolisikia kwa muuguzi wake na kulipenda kwa sababu, alidai, lilifanana na uso wangu.

Mzee alikuwa mwongozaji wa filamu za vichekesho katika Umoja wa Kisovieti. Najua sentensi hiyo inasomeka kama kichekesho chenyewe. Alizaliwa katika mji mdogo wa reli, baba yake akiwa karani wa tiketi. Chuo cha filamu kilimkubali kwa sababu jopo liliuona uso wake, uso wa mtu anayetoka kuzika, likadhani atafaa kwa filamu za vita. Akawatengenezea zoezi la dakika tano kuhusu askari anayetafuta kifungo cha koti lake dakika chache kabla ya gwaride. Jopo likacheka, likaona aibu kwa kucheka, likamhamishia kwenye vichekesho kama adhabu. Aliitumikia adhabu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na kutengeneza filamu kumi na moja, mbili kati yake zikaishia kufungiwa kabatini.

Kila filamu ilipaswa kupita mbele ya kamati. Wanakamati walikuwa watu makini, wenye familia, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kurudi ofisini na kuripoti kwamba ametazama filamu nzima asione cha kukata, kwani angeonekana amelala. Mzee alilielewa jambo hilo mapema, akalifanya kuwa mbinu yake ya kazi. Katika filamu kuhusu meneja anayetunukiwa nishani kwa kiwanda ambacho hakijajengwa, alimweka bata bukini juu ya kiti cha meneja, akigonga mihuri kwa mdomo. Bata huyo hakuwa na kazi yoyote katika hadithi. Kamati ilimjadili siku tatu. Mmoja alisema bata anaudhalilisha utumishi wa umma, mwingine akataka kujua kwa nini ameelekea magharibi. Siku ya nne wakaamuru akatwe, wakapeana mikono, wakaenda kula. Filamu iliyobaki, iliyowahusu wao wenyewe mwanzo hadi mwisho, ikapita bila kuguswa.

Nilimsikia akiisimulia habari hiyo mara nyingi huku nikimvisha soksi. Niliipokea kama mwalimu wa fasihi anavyopokea hadithi: nikaichambua, nikaiona ina dhamira, nikaisahau. Mara moja tu nilimwambia kwamba ukweli hauhitaji bata. Alinitazama kwa huruma, akasema kwamba katika nchi yake ningefika mbali.

Nchi hiyo ilipovunjika, kamati nazo zilivunjika, na Mzee akagundua kwamba wasipokuwapo wa kumzuia, hakuna pia wa kumlipa. Studio yake ikageuzwa ghala la makabati. Akamfuata binti yake aliyekuwa ameolewa huku, akafiwa na mke, akabaki na kiti kimoja karibu na dirisha. Chini ya dirisha hilo kuna mtaa wa maduka, na Mzee aliutazama kutwa nzima akiwaongoza wapita njia kimyakimya: huyu amechelewa kugeuka, yule mwenye mifuko arudie tena, taratibu.

Kisha akaanguka bafuni. Hakuvunjika kitu, ila alipata kidonda mguuni kilichokataa kupona, na binti yake akapata hofu. Binti huyu si mtu mbaya. Anaishi mwendo wa saa moja na nusu kwa treni na humpigia baba yake kila Jumapili, saa ileile, kwa uaminifu wa saa ya ukutani. Aliiomba halmashauri itume ofisa wa kumtathmini, na wakati huohuo akaleta kijitabu cha nyumba ya kutunzia wazee iliyo kando ya bahari. Kwenye picha zote wazee walikuwa wakicheka kitu kilichokuwa nje ya ukurasa. Mzee alikifunua kijitabu chote kwa makini ya kitaaluma. "Nimeongoza makundi ya watu maisha yangu yote," akaniambia. "Hawa wamelipwa."

Alichotaka kilikuwa kimoja: kubaki katika nyumba ile, kwenye kiti kile, hadi siku yake. Alichokiogopa nacho kilikuwa kimoja. Vyote viwili vingeamuliwa na fomu.

Siku moja kabla ya ofisa kufika, Mzee aliniambia nisiguse kitu chochote kesho yake. Nilitikisa kichwa kukubali, kama tunavyowatikisia vichwa wazee, yaani bila kusikiliza. Asubuhi nilipoingia, nilikuta nyumba si ile ya jana. Mkeka mdogo wa mlangoni mwa jiko, ambao sikuzote ulikunjamana kidogo, sasa ulikuwa umejikunja katikati kama nyoka. Sufuria iliyoungua ilikaa juu ya jiko. Taa ya ukumbini haikuwaka. Kwenye friji, mbele kabisa, ilisimama chupa ya maziwa yaliyoharibika. Nikahitimisha kwamba akili ya Mzee imeanza kuaga, na kwamba Mungu amenileta mapema makusudi.

Mzee alikuwa bafuni akinyoa ndevu, kazi iliyomchukua dakika arobaini na ambayo hakuruhusu mtu amsaidie. Katika dakika hizo niliutia mkeka kabatini, nikasugua sufuria, nikakaza balbu, nikamwaga maziwa, na kwa kuwa muda ulibaki, nikapanga hata dawa zake kwa urefu wa chupa. Nakumbuka nilikuwa nikiimba wimbo wa kanisani, ubeti ule wa utumishi.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kompyuta ndogo mkononi. Nilimtembeza kama mwalimu mkuu anavyomtembeza mkaguzi. Akatazama sakafu, ikawa salama. Akawasha taa, ikawaka. Akafungua friji, akakuta usafi unaotia aibu. Alikuwa amepanda mabasi mawili katika mvua, na hakuna hata mstari mmoja alioupata wa kuandika. Niliyaona hayo na nikajisikia fahari. Basi akavuta kiti, akaketi mbele ya Mzee, akaanza kumkagua yeye.

Mzee alitazama mlango wa jiko, mahali ambapo mkeka haukuwapo, kisha akanitazama mimi.

Aliulizwa huu ni mwaka gani. Akajibu kwamba katika maisha yake mwaka uliamuliwa na walioko madarakani, hivyo angependa kwanza kujua nani yuko madarakani. Aliulizwa basi, waziri mkuu ni nani. Akasema ni afadhali wasubiri gazeti la jioni. Alipoulizwa kama kuna mtu anayemsaidia, alisema yupo mwalimu mmoja anayepika chai mbaya na kuiandaa pamoja na mawaidha. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu, polepole, akiruka vitenzi, kwa uso uleule wa kutoka mazikoni. Hakuna aliyecheka. Kichekesho kisichochekwa, kikiingia kwenye fomu, huitwa dalili.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Ilisema mhusika hatambui wakati wala mazingira yake, na kwamba inapendekezwa ahamishiwe kwenye makao ya uangalizi. Binti yake alilia kwenye simu, akanishukuru kwa jinsi nyumba ilivyokuwa safi siku ile. Ofisa alikuwa ameisifu.

Mzee alisubiri nikate simu.

"Mkeka wangu uko wapi?"

Nikamwambia niliuweka kabatini kwa ajili ya usalama wake.

"Kamati zote zilimkata bata," akasema. "Wewe ulimficha bata, wakanikata mimi."

Hapo ndipo, baada ya kuisikia habari ile labda mara ishirini, niliielewa. Nilifanya anachofanya mtu wa vitabu akiumbuka, nikahamia kwenye maadili. Nikamweleza kwamba kuungua kwa sufuria ile kulikuwa kwa kutengenezwa, kwamba kulegeza balbu kwa makusudi ni udanganyifu, na kwamba mimi siwezi kushiriki udanganyifu mbele ya ofisa wa umma. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Balbu nakubali," akasema. "Lakini mkeka huo umekaa pale miaka tisa, Mwalimu, na sufuria naiunguza kila wiki. Mimi naishi katika nyumba yenye mkeka. Wewe ulimwonyesha nyumba ambayo haina mtu."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu unyenyekevu, vingine nikivipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Hakuna hata kimoja kilichotaja mkeka. Kwa siku mbili Mzee alikubali soksi, akakubali uji, akautazama mtaa. Mimi nilimwandikia barua binti yake, ndefu, yenye vifungu, nikiomba radhi kwa namna iliyonipa sifa nyingi. Sikuituma.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, siku ya kubadilisha dawa ya kidonda. Muuguzi aliyekuja kila Jumanne na Ijumaa ni mwanamke Mkenya wa Nakuru, mwepesi wa mikono na wa maneno, ambaye hadi siku hiyo nilimhesabu kuwa mtu asiye na kina kwa sababu alipenda kusimulia harusi. Aliingia, akaona nyuso zetu, akauliza ni nani amekufa. Nikampa ile barua ya halmashauri. Akaisoma akiwa amesimama.

"Sasa Mwalimu, hii tathmini walimfanyia kwa Kiingereza?"

Nikasema ndiyo, Mzee anajua Kiingereza.

"Anajua cha kuniuliza hali. Mimi niko hapa miaka ishirini, na siku nikiwa na homa Kiingereza kinanitoka chote, nabaki na cha kuhesabu. Mbona hukuitisha mkalimani? Hiyo ni haki yake, si zawadi."

Nikaanza kumweleza kwamba kiini cha tatizo ni cha kimaadili. Akaniambia, bila ukali, nimshikie mkasi. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani, akaanza kufungua kitambaa mguuni, na akiwa katika kazi hiyo akafanya jambo ambalo binti, ofisa na mimi mwenye shahada mbili hatukuwahi kulifanya. Alimuuliza Mzee anataka nini.

Mzee akajibu kwamba anataka kubaki. Hakuongeza kichekesho.

"Sawa," akasema muuguzi. "Basi tuandike hivyo."

Aliandika akiwa kwenye meza ya jikoni, ukurasa mmoja. Alieleza kwamba anamwona mgonjwa mara mbili kwa wiki, kwamba mgonjwa anajua siku za dawa zake na humkumbusha yeye muuguzi anapozikosea, kwamba lugha yake ni Kirusi, na kwamba anaomba tathmini irudiwe mbele ya mkalimani. Hakuweka dhamira wala hitimisho.

Ofisa alirudi baada ya wiki tatu, yuleyule, pamoja na mkalimani, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa. Mimi niliamriwa na Mzee nikae jikoni na mikono yangu mifukoni. Kupitia mlango ulio wazi nilisikia maswali yaleyale yakipita kwa Kirusi na kurudi kwa Kiingereza. Huu ni mwaka gani. Akautaja, na mwezi, na siku ya wiki. Akianguka atafanya nini. Atabonyeza kitufe kilichoko shingoni, kisha atagonga sakafu kwa fimbo mara tatu, kwa kuwa Mhindi wa duka la chini ana ufunguo na hufunga saa moja. Halafu akasema kitu kirefu kwa sauti ileile ya mazikoni, na mkalimani akashindwa kuendelea kwa kicheko. Alitoa leso, akafuta macho, akajaribu kutafsiri, akashindwa tena. Ofisa alimtazama yeye, akamtazama Mzee, na nikaona anaielewa kwa mara ya kwanza ile fomu yake ya awali. Walipokuwa wakiondoka, ofisa alikanyaga ukingo wa mkeka, uliokuwa umerudishwa mahali pake, akauandika, na akaonekana ameridhika.

Ruhusa ya kubaki ilikuja kwa barua, pamoja na masharti ya vyuma viwili vya kushikilia bafuni. Binti yake alikuja mwenyewe kuvitazama vikifungwa, akamuuliza baba yake vikae urefu gani. Mimi bado nafika saa mbili asubuhi, na kabla ya kugusa kitu nauliza. Mzee anasema hilo limeifanya huduma yangu kuwa polepole mno, na chai bado mbaya.

Muuguzi amenisihi nisiandike jina lake, maana wakubwa wake hawapendi wauguzi wa vidonda waandike barua za mambo yasiyo vidonda. Kwa hiyo nitamtaja kwa jina alilopewa na Mzee siku ile barua ya pili ilipofika, na ambalo sasa analiitikia hata ngazini: Komredi Bendeji.