Elektroni Zilizocheza Singeli Madale

Nawal binti Muntasir alizaliwa Kawe, nyuma ya duka la baba yake, na ugonjwa wake tangu utotoni ni mmoja tu: kicheko. Aliwahi kucheka msibani hadi akakimbizwa jikoni. Chuoni, mhadhiri wa fizikia alimwomba akachekee nje. Alipopata kazi kwenye maabara ya utafiti huko Madale, mahali ambapo hata kukohoa ni kosa, nyumbani waliduwaa.

Pale kuna darubini ya elektroni, ndefu kuliko mtu, na chini yake kimefungwa kichujio cha nishati. Nawal huwaeleza shangazi zake hivi: elektroni hupitishwa kwenye kitu chembamba mno. Nyingine hupita salama, nyingine hugonga atomi zikatoka zimepungukiwa nguvu. Kichujio huzitenga, kama chekeche na pumba. Zilizopita salama hutoa picha safi. Zilizopungukiwa ndizo zenye umbea, maana kiasi zilichopoteza kinataja zimegonga nini, kaboni au chuma. Shangazi zake wanaupenda sana umbea huo.

Jumamosi hiyo alikuwa na mtihani. Apime peke yake masizi kutoka jiko moja la Tandale, aonyeshe kama yana chuma. Akifaulu, anakabidhiwa mashine; akishindwa, analetwa mwingine, yeye arudi kuosha chupa. Msimamizi wake, Mhandisi Valerian, mzee wa Bukoba mwenye tabasamu adimu, alikaa nyuma yake amekunja mikono.

Kwenye skrini, elektroni zilizopita salama huchora mlima mmoja mwembamba, na usipotulia huo hakuna kipimo. Siku hiyo ulikataa. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, ukatetemeka. Nawal akakagua kila swichi, jasho linamtoka. Mara akasikia ukuta unadunda. Kwa jirani kulikuwa na shughuli ya kumuaga bibi harusi, spika zinaitikisa ardhi, na mlima ulikuwa unafuata mdundo bila kukosea!

Akaangua kicheko.

"Kinachekesha nini?" Valerian aliuliza.

"Mhandisi, zinacheza singeli!"

"Basi kazizimie muziki. Saa kumi nafunga."

Nawal akatoka mbio. Getini kwa jirani alikutana na Bi Chausiku, somo aliyemfunda bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Muziki wa shughuli hauzimwagi hivihivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ingia ucheze, ndipo tuzime."

Ndani walikuwa wanawake watupu. Wakamfunga kanga kiunoni juu ya koti jeupe la maabara, na Nawal akacheza, jamani, akacheza mpaka viatu vikamtoka! Alikuwa na furaha ya kipumbavu na hofu kubwa, vyote kwa pamoja.

"Zimeni!" Bi Chausiku akapaza sauti. "Mtoto wetu ana mtihani!"

Akarudi pekupeku, kanga bado kiunoni. Mlima ulikuwa umetulia tuli. Akasogeza kipimo kwenye zilizopungukiwa. Kaboni ikajitokeza, kubwa. Akasubiri bila kupumua. Mahali pa chuma, mstari ukainuka, mdogo lakini wazi.

Nawal akapiga kigelegele. Ng'ambo ya ukuta wanawake wote wakaitikia, spika zikafumuka upya, na kwenye skrini kila kitu kikaanza kucheza.

Valerian aliyatazama majibu ambayo Nawal alikwisha kuyahifadhi kabla ya kigelegele, akayatazama tena, akachukua kofia yake.

"Funga mwenyewe ukiondoka," alisema. "Mashine ni yako."