Nimerudisha laptop ya baba yake, sasa mjukuu wangu haongei na mimi

Jina langu msiweke. Hapa Kosele tunajuana hata kwa kikohozi, na sitaki mtu anisimamishe sokoni kunipa pole. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja. Nimesoma mpaka darasa la nne, nalima njugu na mahindi yangu, na hakuna mtu amewahi kuniona nikiomba chumvi. Naandika hapa kwa sababu watu wa karibu nimeshawauliza, na wote wananipa jibu moja ambalo silitaki.

Nina mjukuu mmoja, msichana. Mama yake ndiye alikuwa binti yangu wa pekee, karani huko Asumbi. Alizaa na mwanaume wa Suna, Migori, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyo mwanaume alikula kwangu, akanywa chai yangu, akasema ataleta ng'ombe wa mahari. Hakuleta hata kuku. Binti yangu alipougua akafa, nilimtumia neno: leta hata ng'ombe mmoja sasa, umzike kwenu kama mke wako. Akanyamaza. Kwa mila yetu Wajaluo, msichana mkubwa ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Kwa hivyo mtoto wangu amelala nje ya ua, upande wa barabara, ng'ombe za watu zinampita zikienda mtoni. Wewe unayesoma, wako akilala hapo utasahau?

Binti yangu aliacha laptop. Mjukuu wangu ameitumia miaka hii yote kusomea kozi ya uhasibu ya mtandaoni, hapa hapa nyumbani, na amebakisha kidogo amalize. Sasa chuo kikasema mtihani wa mwisho utafanyiwa ndani ya programu yao, kamera inakuangalia ukiandika. Programu ikakataa kuingia. Mimi ananiita Dani, yaani nyanya. Akaniambia, "Dani, inataka update, na hii yetu imefika mwisho, haipokei tena."

Nikafikiri ni uvivu. Nikamshika mkono tukaenda kwa fundi Homa Bay. Kijana akaifungua, akaiangalia, akasema, "Mama, hii ni nzima. Haina ugonjwa."

"Basi mbona inakataa?"

"Ni ya zamani. Walioitengeneza wameacha kuiletea mfumo mpya, na hata mimi nikilazimisha, haitaubeba."

Nikamwambia jembe langu nilinunua kabla hajazaliwa na bado linalima, hakuna mtu wa kiwanda amekuja kuniambia limepitwa. Akacheka. Nikamwambia asicheke, ajibu. Akasema, "Mama, jembe halifanyi mtihani." Tukarudi nyumbani.

Msiniambie cyber. Mtihani unataka chumba kitulivu, mtu akiwa peke yake, na mashine za cyber haziruhusu kuwekwa programu mpya. Simu haikubali. Jirani mwalimu ana laptop lakini ni ya shule. Mtoto akakosa mtihani. Chuo kikampa nafasi moja tu ya kurudia, mwezi ujao. Akikosa hiyo, aanze kozi upya, na hiyo haitawezekana.

Wiki iliyopita akaja mwanamke na mfuko, dada ya yule mwanaume wa Suna. Ndani kuna laptop mpya kwenye boksi lake. Hata hakuketi vizuri.

"Kaka anasema mtoto ni damu yake. Achukue hii asome. Desemba aje Suna ajulishwe kwa wazee."

"Na mama yake?"

"Mama yake alishapumzika, si ndio?"

"Amepumzika nje ya ua. Kaka yako alete ng'ombe wake kwanza ndio aite mtoto."

"Mama, siku hizi nani analipa ng'ombe wa marehemu?"

"Yule anayetaka mtoto wa marehemu."

Nikamrudishia mfuko wake, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwonyesha kaburi kwa kidole ili asiseme hakuliona.

Kurudi, mjukuu amesimama mlangoni. Kumbe yeye ndiye alimtafuta baba yake. Nyuma ya mgongo wangu, mtoto niliyemlea kwa uji wa mtama. Nilimkemea mpaka majirani wakatoka nje. Yeye hakulia. Aliningoja nimalize, akasema, "Dani, mama angekubali."

Hilo ndilo limenikalia kifuani, kwa sababu ni kweli. Binti yangu alimngoja huyo mtu mpaka siku anakata roho. Kila simu ikilia aligeuza kichwa.

Tangu siku hiyo mtoto ananipikia, ananichotea maji, ananisalimia kwa heshima zote. Kuongea, hakuna. Nikimwuliza habari ya mtihani anasema, "Ni sawa, Dani," na najua si sawa.

Mchungaji anasema nisamehe. Yeye watoto wake wote wako hai, wana boma zao. Shemeji yangu anasema nimwachilie, mtoto ni wa baba. Lakini akienda Suna akajulishwa, amekuwa wa kule. Siku ya kuolewa kwake ng'ombe zitaingia kwa mtu ambaye hakumzika mama yake. Na mimi nikifa, nani atafyeka pale kaburini? Nikimzuia, masomo yamekufa, na najua ataondoka tu, tena akiwa ananichukia. Nimeigeuza hii kitu pande zote, na kila upande nabaki peke yangu.

Sasa nyinyi mnaopenda kuandika maoni marefu, leo andikeni ya maana. Msiniambie ninunue mpya. Ningekuwa na uwezo singekuwa hapa nikianika nyumba yangu kwa wageni. Msiniambie Mungu atafungua njia, mtihani ni mwezi ujao. Namba ya huyo mwanaume iko kwa simu hii ninayoandikia. Leo asubuhi nimeipiga, nikakata kabla haijaita. Niambieni kama nipige tena, na ikiwa nitapiga, mniambie pia neno la kwanza nitakalomwambia, kwa sababu mimi sina.