Kahawa Iliyo Kwenye Turubai

Siku yangu ya kwanza kazini Kayanga nilivaa viatu vilivyonibana, nikafika kabla mlinzi hajafungua geti. Mkurugenzi wa kampuni yetu ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta alinikuta nje. Hata sijakaa, akaniuliza mfumo wa kusajili wanafunzi wa shule moja utachukua muda gani. Nikamuuliza kama shule ina umeme. Na kama mwanafunzi amehama? Na kama amerudi?

Akainua mkono. "Karibu kazini, Bwana Na Kama."

Jina hilo ninaondoka nalo wiki hii. Ninawaandikia ninyi mnaokuja kuikalia meza ya makadirio, kwa sababu kazi hii naijua. Kukadiria ni kusema mapema programu itagharimu kiasi gani, wakati mteja mwenyewe bado hajajua vizuri anachotaka. Tuliigawa kazi vipande vipande, na kila kipande tukakipa makisio matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, na yakiharibika. Kisha tulilinganisha na kazi tuliyokwisha kuifanya, maana mtengeneza programu akiulizwa peke yake hujibu kwa furaha aliyoamka nayo. Makisio ya tatu ndiyo wengi huyafanyia uvivu. Mimi yalinijia yenyewe, hata nikiwa naoga.

Kazi iliyonikomaza ilitoka kwa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, chenye vituo Karagwe na Kyerwa. Walitaka mfumo wa kupokea kahawa vituoni, na Mwenyekiti wao alitaka bei moja kabla ya kikao cha bodi. Kampuni ya Mwanza ilikuwa imeshampa yake. Tukiikosa kazi hiyo, watengeneza programu wetu wawili wangerudi nyumbani. Tukiipata kwa bei ndogo mno, kampuni nzima ingewafuata.

"Andika ndogo," Msimamizi wa Mauzo aliniambia. "Tukishaingia ndani tutapandisha."

Katika makadirio yangu upokeaji ulikuwa kipande kimoja kidogo: mkulima analeta, karani anapima, mfumo unatunza. Udogo wake ulinikosesha raha. Nikaomba niende kwenye kituo chao cha Nyabiyonza siku ya kupima.

Huko nilimkuta mama mmoja, Mama Koku, akishusha gunia kwenye baiskeli. Karani alichota konzi ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, akaitikisa karibu na sikio. Iliyokauka hulia.

"Waitu mama, hii bado imenyamaza," akamwambia kwa heshima ya huko.

"Imenyamaza kwako wewe uliyeziba masikio. Tikisa tena!"

"Nikiitikisa tena italala usingizi kabisa. Ipeleke kwenye turubai."

Foleni nzima ikacheka, naye Mama Koku pia. Aliimwaga kwenye turubai pale uani, akafunga kipande cha kitenge pembeni kiwe alama yake, akapanda baiskeli kurudi kibanjani, shambani kwake. Jirani yake angekuja kuipimisha kwa jina lake ikishakauka.

"Na kama mvua ikinyesha?" nikamuuliza karani.

"Aliye karibu anaikunja."

"Na kama ikichanganyika na ya mwingine?"

"Wanagombana, halafu wanagawana. Wewe ni polisi?"

Nilirudi Kayanga nikiwa na hakika. Kahawa ilikuwa imefika lakini haijapokelewa, mwenyewe ameondoka, na atakayeikabidhi ni mtu mwingine. Kipande changu kimoja kilikuwa vinne au vitano. Msimamizi wa Mauzo alishika kichwa. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Utakwenda kuwaambia wewe mwenyewe."

Bodi ilikuwa imekaa tayari.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia Mwenyekiti.

"Marahaba. Haya, nipe bei."

"Leo nina bei mbili, mzee. Ya chini na ya juu, na ziko mbalimbali. Tuacheni tutengeneze mfumo wa Nyabiyonza peke yake kwanza. Tukimaliza hapo zitasogeleana, nanyi mtaamua kuhusu vituo vingine."

"Mwenzako wa Mwanza ana moja tu."

"Aliwauliza kahawa iliyo kwenye turubai ni ya nani?"

Mwenyekiti alicheka. "Si ya chama? Iko uani kwetu."

Katibu akageuka. "Ya chama vipi? Haijapimwa. Ikiibiwa tutailipa?"

"Tulipe ambacho hatujapokea?" Mwenyekiti akauliza.

"Basi si yetu, mzee."

Mjumbe kutoka Kyerwa akadakia kwamba kwao kahawa ambayo haijakauka haivuki geti. Wakaanza kubishana kwa Kinyambo, wakanisahau. Sikuongeza swali hata moja; niliwasikiliza wakieleza wenyewe kwa nini bei ya juu ilikuwa juu.

Walitupa Nyabiyonza, na baadaye vituo vyote. Gharama iliishia karibu na ile ya juu, wala hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa waliisikia mapema. Wale watengeneza programu wawili bado wapo, mtakaa nao.

Wasiwasi haujaniisha, nimeupa kazi ya kufanya. Mkibanwa mtaje bei moja wakati hamjui, tajeni mbili, na semeni ni kitu gani kitazisogeza pamoja. Halafu nendeni mkakione.

Jana Mkurugenzi alipita mezani kwangu kuuliza nitamaliza lini kukabidhi ofisi.

"Jumatano," nikamjibu. "Au Ijumaa."

"Na kama?" akauliza yeye.

"Ndiyo maana nimeitaja Ijumaa."

Akaandika Ijumaa.