Bondia Aliyetuvusha Lualaba

Niliporudi mjini kwetu Kindu mwaka huu, kilichonishika kwanza hakikuwa nyumba wala watu, ilikuwa harufu. Pikipiki ilinishusha Mikelenge, mtaa wetu, karibu na mama mmoja aliyekuwa akimpaka mtoto wake mchanga mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, yale yanayonuka moshi. Nikasimama palepale na mzigo wangu mkononi. Utanicheka, rafiki yangu, lakini harufu ile ya vichanga kwangu ni harufu ya bondia.

Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Pande la mtu, lakini sauti yake ndogo ajabu. Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo stesheni ya reli, na ngumi alipigana za uzito wa juu. Usidhani alikuwa bingwa. Yeye alikuwa yule anayeitwa pale bingwa wa mji fulani anapohitaji mtu wa kumpiga mbele ya watu wake. Aliitwa kule Kalima, aliitwa kule Kisangani, aliitwa kule Bukavu. Akaenda, akapigwa, akarudi na uso uliovimba na mikate ya watoto wa mtaa mfukoni. Kushindwa, alishindwa sana. Kuanguka, hapana. Na mara mojamoja, bingwa alipochoka kumpiga na kuanza kuwaangalia mashabiki badala ya kumwangalia yeye, jirani yetu aliachia mkono wake wa kulia, na mji mzima ukaenda kulala bila kuimba. Kalima nadhani hawajamsamehe hadi leo.

Kabla ya kila pambano alikuja kwetu kupakwa mafuta. Bibi yangu ndiye aliyewapaka vichanga wa mtaa mzima, na yeye alimpaka vilevile: anamvuta pua, anamsugua masikio, anamkanda shingo, huku akimgombeza atulie. Mafuta yale yalifanya ngumi iteleze. Sisi watoto tulijipanga ukutani tukicheka kuona mtu mkubwa hivyo amekaa chini, kichwa magotini pa bibi.

Kisha vita vikaja. Treni zikakoma. Mabehewa yalibaki stesheni yakila kutu, na jirani hakuwa tena na mizigo ya kupakia. Alitundika gunia la makapi ya mpunga kwenye mlango wa behewa, akalipiga kila asubuhi, na mama zetu nao wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo, upande wa pili wa reli. Kwa mbali hukujua kipi ni kinu na kipi ni gunia.

Baadaye vinu vikanyamaza. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa Alunguli, na askari waliokuwa wameushika mji walipiga marufuku mitumbwi. Walisema mama zetu wanavusha chakula kwa wapiganaji wa msituni. Muhogo wetu ukaozea ardhini, nasi tukala ndizi mbichi bila chumvi, halafu majani bila ndizi. Mdogo wangu tumbo lilivimba na nywele zikawa nyekundu. Nakuambia wazi: tulikuwa tunakufa, polepole, bila kelele.

Kamanda wao alipenda ngumi. Alikuwa na bondia wake, kijana aliyeletwa kwa ndege, mla nyama kila siku, na mjini hapakuwa na mtu wa uzito wake wa kumpiga. Wakamfuata jirani yetu. Yeye akasema, kwa sauti yake ile ndogo, kwamba hataki kitu kingine, anataka mitumbwi. Kamanda alicheka sana, kisha akatamka mbele ya watu wote pale stesheni: "Mukubwa yenu huyu akibakia wima mpaka mwisho, wamama watavuka."

Siku yenyewe bibi alimpaka mafuta hadi akang'aa.

"Mutoto yangu, siombi ushinde," alimwambia. "Simama tu."

"Kusimama njo kazi yangu, mama."

Ulingo ulikuwa kamba za kufungia mizigo, zimevutwa mbele ya ghala. Mwamuzi, naye askari, alimgusa jirani shavuni, akanusa vidole vyake, akaamuru afutwe. Bibi ndiye aliyemfuta, kwa kikwembe chake mwenyewe, nguo aliyojifunga kiunoni, kila mahali alipokuwa amepaka.

Sitakuhadithia raundi kwa raundi. Ngumi zilimwingia kavu, na tulizisikia. Watu wa Kindu, ambao siku zote humshangilia mtu apige, siku ile tulikuwa na neno moja tu: "Usianguke! Usianguke!" Hakuna aliyemwambia apige. Hata mimi wazo hilo halikunijia. Jicho lake moja likafumba, damu ikamtoka sikioni, magoti yakakunjika, akashika kamba, akanyooka. Raundi ya mwisho yule kijana alichoka. Akamgeukia kamanda wake, mikono chini, ungedhani anauliza afanye nini tena. Hapo mkono wa kulia ukaachiwa. Kijana akakaa chini kama mtoto aliyenyimwa chakula, na hakuinuka.

Hakuna aliyethubutu kushangilia. Tulimwangalia kamanda. Akavaa kofia yake, akasema kesho wavuke, akaondoka.

Kesho yake mama zetu walivuka. Jirani alishinda amesimama kando ya maji, kichwa kimefungwa kikwembe cha bibi, akakataa kukaa mpaka jioni, mtumbwi wa mwisho ulipogusa mchanga. Muhogo uliosalimika tuliula umechemshwa tu, na sijala tena kitu kitamu kama kile. Mdogo wangu yuko hai, ana watoto wake.

Bibi hayupo tena. Sombe siku hizi inasagwa kwa mashine, na lile behewa limekatwakatwa likauzwa chuma. Vijana wa pikipiki niliowauliza nyumba ya bondia waliniuliza, bondia gani? Iliniudhi, na bado inaniudhi, maana mama zao nao walikula muhogo ule.

Nilimkuta jioni amesimama mlangoni kwake, amekonda, ameshika mwimo wa mlango, macho yameelekea mtoni. Hakunitambua. Mkewe alikuwa akipeta mchele kwenye ungo.

"Tangu ile siku kichwa hakikurudi muzuri," aliniambia taratibu. "Kila magaribi iko vile. Hakubali kukaa mpaka mutu amujibu."

Nilimsogelea nikamsalimu. Akaniinamia.

"Mutoto," akaniuliza, na sauti ilikuwa ileile, "wamama wameisha kuvuka?"

Mtoni mitumbwi ya injini ilikuwa ikienda na kurudi, imejaa wanawake na vikapu, na hakuna aliyewazuia.

"Wameisha kuvuka, baba. Wote."

Akaitikia kwa kichwa, akaachia mwimo wa mlango, akakubali nimshike mkono akae.