Mguu wa Kushoto wa Baba

Breki za gari la baba zilianza kulia majira yale yale nilipoitwa kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi. Kila tukikaribia taa za barabarani, zilitoa sauti nyembamba kama kijiko kinachokwaruza ukoko wa sufuria. Mimi, mwenye shahada na muda wa kutosha, nilisoma sababu zote mtandaoni: kutu ya asubuhi gari likilala nje, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, kijiwe kilichonasa, pedi za breki zilizokwisha. Niliziamini zote kwa pamoja. Baba alikuwa ameapa kunipeleka mwenyewe siku ya usaili, na mimi nilishatuona tukipitiliza hadi mapokezi ya waajiri, bado tumefunga mikanda.

Fundi alisema ni pedi, akaweka mpya. Kelele zikarudi. Akabadilisha tena, akashangaa zinavyoisha upesi. Baba aliilaumu Kanada, nchi ambayo hata chuma chake kinadeka.

Siku moja tukitoka msikitini niliangusha simu miguuni. Nilipoinama kuiokota, nikaona. Mguu wa kulia wa baba ulikuwa kwenye mafuta. Wa kushoto ulikuwa umejilaza juu ya breki, umetulia kama mgeni aliyekwishakula. Baba alijifunza udereva Tanga, kwenye lori, ambako mguu huo ulikuwa na klachi yake. Gari hili la otomatiki halina klachi, basi mguu ukajitafutia shughuli.

Ningemwambiaje mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwamba hajui kuendesha gari? Nilitunga sentensi, nikazifuta, nikafikiria kupanda treni na kusingizia ugonjwa. Asubuhi ya usaili mama alitupitisha chini ya Kurani mlangoni, kama kawaida ya safari, nami nikapata ujasiri kidogo.

"Baba," nilisema tulipoketi garini, "mguu wa kushoto hauna kazi humu."

Akautazama mguu, kisha mimi.

"Basi mko wawili."

Kisha akavua kiatu cha kushoto, akakitupa kwenye kiti cha nyuma. Alisema mguu ukigusa chuma cha baridi utajirudi wenyewe. Kwenye kila taa uliinyemelea breki, ukashtuka na kujirudi, naye akiukemea kwa Kiswahili cha Tanga. Breki zilinyamaza kabisa, hata nikausikia moyo wangu, jambo ambalo halikunisaidia.

Tulipofika alishuka kuninyooshea tai. Niligeuka mlangoni: bado alikuwa amesimama kwenye theluji, mikono juu, akiniombea, soksi moja imelowa chepechepe.